Maji Ukiyavulia Nguo

Wazee wetu walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Siikatai busara ya methali hii. Aliyeanza kujenga nyumba asiiache katika msingi, na mwanafunzi aliyefungua kitabu asikifunge katika ukurasa wa kumi. Aliyetoa ahadi na aitimize, na aliyeshika jembe alime hadi mwisho wa shamba lake. Katika kazi, katika masomo na katika maneno ya heshima, methali hii ni mwalimu mwema, nami nimeiandika ubaoni mara nyingi kwa chaki yangu mwenyewe. Lakini methali ni kama kisu: hukata mboga jikoni, na hukata kidole kikishikwa vibaya. Nataka kueleza hapa jinsi nilivyokuja kuamini kwamba mahali ambapo methali hii haifai kufuatwa neno kwa neno ni pale pale ilipozaliwa, yaani ukingoni mwa maji.

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, wachimba mawe waliacha shimo kubwa karibu na kijiji chetu. Mvua ya masika ililijaza. Maji yake yalikuwa ya kijani, yametulia kama kioo, nayo yaliwavuta wavulana kama taa ivutavyo kumbikumbi. Binamu yangu, aliyenizidi miaka miwili, alikwenda huko na marika yake siku moja ya Jumamosi. Wenzake walieleza baadaye kwamba alivua nguo zake, akazikunja, akasimama ukingoni, akayatazama maji, kisha akageuka na kunyosha mkono achukue shati lake. Mmoja wao akaitamka methali ile kwa sauti, na wengine wakacheka. Akajitupa majini. Mimi sikuwako. Nilifika na mama yangu wakati watu walipokuwa wamekwisha kukusanyika, na kitu nilichokiona kwanza ni shati na kaptura ya shule vimekunjwa vizuri juu ya jiwe, kama mtoto aliyefunzwa nadhifu nyumbani kwao. Hazikuwa na hata tone la maji.

Tangu siku ile niliyaogopa maji kwa miaka mingi. Hofu hiyo ilinilinda, lakini haikunifundisha kitu. Mtu anayekimbia kitabu hawi msomi, na mtu anayekimbia mto hajui mahali pake pa kuvuka. Nilipokuwa na miaka 27, baada ya kumaliza chuo cha ualimu na kupata kazi, niliamua kujifunza kuogelea. Nililipa ada kidogo kila Jumamosi katika kidimbwi cha hoteli moja, mahali ambapo maji ni safi, kina kimeandikwa ukutani kwa tarakimu, na ngazi ya chuma ipo kila upande. Baada ya mwaka mmoja niliweza kwenda na kurudi bila kupumzika, nikadhani nimeyajua maji. Kumbe nilikuwa nimekijua kidimbwi.

Elimu ya maji yenyewe niliipata mbali na nyumbani. Mwezi wa Agosti 2024, shule zetu zilipokuwa zimefungwa, nilipata nafasi ya kwenda Ufaransa kwa mafunzo mafupi ya walimu wa Kifaransa katika mji wa Vichy. Siku za juma tulikuwa darasani. Mwisho wa juma tulikaribishwa katika nyumba za watu wa mashambani, ili tusikie lugha inavyosemwa mezani na si vitabuni tu. Mimi na mwalimu mwenzangu kutoka Lamu tulipokewa na mzee mmoja na mkewe katika kijiji kilichoko kwenye milima ya Auvergne, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Clermont-Ferrand. Mzee huyu alikuwa seremala, na kwa miaka mingi alikuwa pia mzimamoto wa kujitolea. Katika nchi ya Ufaransa walio wengi miongoni mwa wazimamoto ni watu wa kujitolea: huyu ni mwokaji mikate, yule ni mkulima, na king'ora kikilia huacha kazi zao na kukimbia. Hawazimi moto tu. Huwatoa watu katika magari yaliyopinduka, na huwatoa majini. Mwenyeji wetu hakupenda kusimulia aliyoyaona, lakini tulipata kujua kwamba amewatoa ziwani watu wazima na watoto, na kwamba si wote waliokuwa hai.

Nchi ya Auvergne ni nchi ya volkano zilizozimika. Vilima vyake ni vya mviringo, vimefunikwa na nyasi, na ng'ombe wekundu hulisha juu ya midomo iliyowahi kutapika moto. Mlima mkubwa, Puy de Sancy, unazidi mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya vilima hivyo yapo maziwa mengi, wala hayafanani. Msomaji atanisamehe nikiyaeleza mawili kidogo, kwa sababu anayetaka kuogelea katika ziwa hana budi kujua kwanza lilivyozaliwa.

Ziwa la kwanza ni Pavin, karibu na mji mdogo wa Besse. Lilizaliwa kwa mlipuko wa volkano karibu miaka 7,000 iliyopita; mlipuko uliacha shimo la mviringo, na shimo likajaa maji. Ukilitazama kutoka juu ni kama sahani ya samawati iliyowekwa msituni. Upana wake haufiki kilometa moja, na mtu mwenye mkono wenye nguvu hudhani angeweza kulirushia jiwe hadi katikati. Lakini kina chake ni mita 92. Tena maji yake ya chini, kuanzia mita 60 hivi, hayachanganyiki kamwe na maji ya juu. Hukaa huko gizani bila hewa ya oksijeni, miaka nenda miaka rudi. Kuogelea humo kumekatazwa. Wazee wa nchi ile walisimulia kwamba ukitupa jiwe katika Pavin utaamsha dhoruba, na kwamba chini yake umezama mji wa Besse wa zamani, ulioadhibiwa kwa uovu wa watu wake.

Niliposikia hadithi hiyo nilishangaa, kwa maana kwetu Kenya, karibu na Kendu Bay, liko ziwa la Simbi Nyaima, nalo pia limekaa katika shimo la volkano. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji, na kijiji hicho kilizama kwa sababu watu wake walimnyima ukarimu bibi kizee aliyewajia usiku wakiwa katika sherehe. Watu wa mabara mawili, wasiojuana, wametazama maji ya aina moja wakatunga hadithi ya aina moja. Sidhani ni ajabu. Hadithi zilikuwa ubao wa onyo kabla ya watu kujua kuandika mabango. Mtoto aliyeambiwa kwamba mji mzima umelala chini ya ziwa hakuhitaji kuambiwa kipimo cha mita.

Ziwa la pili ni Chambon, nalo ndilo tuliloogelea. Hili halikuzaliwa kwa shimo, bali kwa kizuizi: volkano iitwayo Tartaret iliziba bonde la mto, na maji yakakusanyika nyuma yake. Lipo karibu mita 877 juu ya usawa wa bahari. Halina kina kirefu kama Pavin. Kina chake ni mita chache tu. Lina fuko za mchanga, miti ya kivuli, na katika miezi ya Julai na Agosti familia nyingi huja na vikapu vya chakula. Mwenzangu wa Lamu, mtu aliyezaliwa na kulelewa baharini, alilitazama akacheka. Aliniambia kwa Kiswahili, “Dada, hiki ni kidimbwi tu. Nitavuka hadi ng'ambo na kurudi kabla ya chai.”

Mzee hakuelewa maneno, lakini alielewa kicheko. Hakumkemea mgeni wake. Alimwomba tu amsindikize kwanza ufukoni, nasi tukamfuata. Akafanya mambo ambayo niliyatazama kwa makini, kama mwanafunzi atazamavyo mkono wa fundi.

Kwanza alikwenda kwenye ubao wa matangazo. Katika Ufaransa ulinzi wa mahali pa kuogelea ni wajibu wa meya wa mahali hapo, na katika ubao huo huwekwa habari za maji: yamepimwa lini, ni safi au si safi, kuna onyo gani. Maji hupimwa kila majira ya joto kwa kufuata sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2006, na matokeo hupewa daraja nne, kuanzia bora sana hadi yasiyofaa. Mzee alitueleza kwamba katika joto kali maji yaliyotulia huweza kuota vijidudu vya kijani vifananavyo na mwani, ambavyo hutoa sumu. Vikionekana kwa wingi ziwa hufungwa, hata kama jua linawaka na watoto wanalia.

Pili aliitazama bendera. Bendera ya kijani maana yake walinzi wapo na hakuna hatari ya pekee. Ya manjano maana yake walinzi wapo lakini tahadhari inatakiwa. Nyekundu maana yake hakuna ruhusa ya kuingia. Na kama hakuna bendera yoyote mlingotini, hakuna mlinzi. Kila mtu ni mlinzi wa nafsi yake. Tangu mwaka 2022 mipaka ya sehemu inayolindwa huonyeshwa kwa bendera mbili zenye rangi nyekundu juu na manjano chini. Siku ile bendera ilikuwa ya kijani, na walinzi wawili walikuwa juu ya kiti chao kirefu.

Tatu aliitazama mbingu upande wa Sancy, kwa sababu huko ndiko dhoruba za alasiri hutokea. Nne, jambo lililonipendeza kuliko yote, alitafuta mahali pa kutokea kabla ya kutafuta mahali pa kuingilia. “Kuingia majini ni rahisi,” alisema. “Hata jiwe linaweza. Swali ni utatokea wapi ukiwa umechoka.”

Ndipo tulipovua nguo. Mzee hakujirusha. Aliingia hadi magotini, akasimama. Akachota maji kwa viganja akajimwagia mikononi, kifuani na shingoni kwa nyuma, akangoja, kisha akaendelea hadi kiunoni. Nilidhani ni desturi ya uzee, lakini sababu yake ni ya mwili. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa ya baridi iyo hiyo. Mtu aliyekaa juani saa nzima akijitupa ghafula katika maji baridi, kifua chake hushtuka. Hutweta bila kutaka. Akitweta wakati kichwa kiko chini ya maji, huvuta maji badala ya hewa, na mvuto mmoja waweza kutosha. Moyo pia huenda mbio. Mshtuko huo huwa mkali katika dakika ya kwanza na hupungua baada ya dakika mbili au tatu. Kwa hiyo mtu aliyeanguka katika maji baridi asipigane nayo mara moja. Ajilaze chali, masikio ndani ya maji, uso juu, mikono imefunguka, aelee hadi pumzi imrudie. Baada ya hapo ndipo afikirie kuogelea au kuita. Mzee alitufanya tujizoeze jambo hili mara tatu, mahali ambapo tungeweza kusimama, kabla ya kuturuhusu kupiga hatua nyingine. Watu wengi wenye miili ya nguvu hufa katika dakika ambayo wangeweza kuitumia kwa kulala tu.

Mwenzangu wa Lamu alifanya yote hayo kwa adabu, kisha akaogelea. Mzee alimwomba aende sambamba na ufuko, ndani ya maboya, asielekee ng'ambo. “Ukienda sambamba na ufuko,” alisema, “kila unapochoka nyumbani kuko karibu. Ukielekea ng'ambo, unapochoka nyumbani kuko mbali pande zote mbili.” Mwenzangu alikwenda mita 100 hivi, akageuka, akarudi. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na jambo jipya. “Maji haya hayabebi,” aliniambia. Nilijua sababu. Bahari ina chumvi, na maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo huuinua mwili wa mtu. Maji ya ziwa hayana chumvi hiyo. Mtu wa bahari huzama humo kidogo zaidi kuliko alivyozoea, na mikono yake hufanya kazi zaidi ili uso ubaki juu. Tena aliniambia kwamba karibu na mahali mto unapoingia alipita katika maji ya baridi kali, na miguu yake ikakaza ghafula. Akatazama ng'ambo aliyokuwa ameidharau, akanyamaza. Umbali juu ya maji hudanganya, kwa sababu hakuna mti wala nyumba katikati ya kumpa mtu kipimo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na huyu hakuwa mjinga wala mwoga, bali fundi katika maji ya kwao.

Alasiri ile tuliona jambo jingine. Mtoto mmoja alikuwa na godoro la plastiki lililojazwa upepo. Upepo wa mlimani ukalichukua kutoka mkononi mwake, likateleza juu ya maji kwa wepesi wa jani. Baba yake akaanza kulifuata kwa kuogelea. Kila alipolikaribia, upepo ulilisogeza. Mlinzi akapiga filimbi mara mbili, akamwashiria arudi, na mlinzi wa pili akaingia majini akiwa na ubao mrefu wa kuelea ili awe karibu naye. Baba alirudi akihema, mikono mitupu, na mtoto akalia. Godoro lilipotea katika matete. Mzee alitikisa kichwa akasema kwamba watu wawili kati ya aliowatoa ziwani walikuwa wakifuata kitu kinachonunuliwa dukani.

Hapo alitueleza pia jinsi mtu anavyokufa maji, nami nawaomba vijana wasome sehemu hii kwa utulivu. Sisi husema kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na hudhani kwamba tutamsikia akipiga kelele na kumwona akirusha mikono. Pengine huwa hivyo mwanzoni. Lakini mtu anayezama kwa kweli mara nyingi hana sauti. Mdomo wake huzama na kuibuka. Unapoibuka huvuta pumzi, haupati nafasi ya kuita. Kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima majini, mikono inasukuma maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Wenzake walio hatua chache hudhani anacheza. Ukimwona mwenzako hivyo, muulize kama yu salama. Asipojibu, jua jibu lake.

Na ukijua, usijirushe. Mtu anayezama hukamata chochote kilicho karibu, na nguvu zake wakati huo si nguvu zake za kila siku. Mara nyingi wamekufa wawili mahali ambapo angekufa mmoja, na wa pili alikuwa ndugu au rafiki wa kwanza. Ita watu. Nyosha fimbo, tawi, kanga au mshipi huku umelala kifudifudi ukingoni. Tupa kamba, mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko, gurudumu, chochote kinachoelea. Katika Ufaransa huita namba 112, au 18 ya wazimamoto. Kwetu Kenya namba ni 999 au 112. Aliyetolewa akiwa hapumui anahitaji kupuliziwa pumzi na kubonyezwa kifua bila kukawia, na ujuzi huo hufundishwa. Kijana anayepata nafasi ya kujifunza huduma ya kwanza asiiache impite.

Juma lililofuata tulirudi. Siku hiyo ilikuwa na joto kuliko ile ya kwanza, na nilikuwa nimeingoja tangu Jumatatu. Ubao ulikuwa mzuri, bendera ya kijani, maji yanameta. Tulikuwa tumekwisha kuvua nguo, na mguu wangu mmoja ulikuwa umegusa mchanga wenye unyevu, mzee aliposimama akainua kidole. Mbali, nyuma ya Sancy, radi ilinguruma. Aliitazama ile sehemu ya mbingu, akaona umeme ukimulika, akahesabu kwa sauti ya chini hadi ngurumo ilipofika. Sauti hukata kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Kwa hiyo mwenye saa, au hata mwenye ulimi tu, anaweza kujua radi iko umbali gani. Akahesabu mara ya pili, na hesabu ikawa fupi zaidi. Akalichukua shati lake.

Jua lilikuwa bado linawaka juu yetu. Mwenzangu akasema kwa upole, “Mzee, bado iko mbali.”

“Radi hupiga hata mahali ambapo mvua haijafika,” mzee akajibu, “na juu ya ziwa kichwa chako ndicho mlima.” Akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, bila haraka na bila haya, mbele ya vijana waliokuwa wakitucheka kutoka majini. Punde filimbi ililia, bendera nyekundu ikapandishwa, nao wakatoka.

Sijui kama nitaweza kueleza niliyoyahisi nikimtazama mzee yule akifunga vifungo. Alikuwa mtu ambaye hakuna angethubutu kumwita mwoga. Aliingia katika maji ambayo wengine waliyakimbia, usiku na katika baridi, kuwafuata watu asiowajua. Naye alivaa shati lake kama mtu anayefunga duka jioni. Nikamkumbuka kijana wa miaka 13 aliyenyosha mkono kuchukua shati lake na asilifikie, kwa sababu ya kicheko. Kati ya mkono ule na shati lile hapakuwa na kitu kingine cho chote.

Tulipokuwa tumeketi ndani ya gari, mvua ikipiga kioo, niliwatafsiria methali yetu, nikawaeleza habari ya binamu yangu. Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Waambie wanafunzi wako wasivue nguo kabla ya kutazama mbingu. Na kama wamekwisha kuvua, waambie kwamba vifungo vya shati hufunguka na hufungwa.”

Radi haikupiga ziwani. Mvua ilinyesha, ikapita; tungeweza kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kama inavyoshauriwa, na kuingia tena, lakini jioni ilikuwa imefika. Hakuna lililotupata. Nami naona kwamba usalama una tabia hiyo: hauachi hadithi. Ujasiri usio na akili husifiwa ukifaulu na huliliwa ukishindwa, lakini busara ikifaulu hakuna anayeiona. Kwa hiyo haina watu wa kuipigia makofi, na yeyote anayeifuata sharti aridhike na makofi ya moyo wake. Wahenga walilijua hili waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mzee wa Auvergne alinionyesha jambo la tatu ambalo methali hiyo haikulitaja: shujaa anayekubali kuchekwa.

Si jambo dogo ninalolisema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo. Katika mwaka 2021 huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha mataifa yote habari za balaa hili. Wengi wa watoto hao hawafi katika maziwa yenye mita 92. Hufa katika mito wanayovuka kwenda shule, katika mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, katika mashimo ya mawe na ya changarawe ambayo hakuna aliyeyafukia. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na maji yaliyozidi urefu wako ni bahari yako.

Huenda kijana atasema: mwalimu, huko Ufaransa kuna bendera, kuna walinzi, kuna ubao, sisi tuna mto na matete. Ni kweli, na wakubwa wana deni la kufukia mashimo, kuweka maonyo na kuwafundisha watoto kuogelea. Lakini mambo mengi aliyoyafanya mzee hayakuhitaji bendera. Alitazama mbingu, mbingu tunayo. Alitafuta mahali pa kutokea, macho tunayo. Aliingia polepole kwa miguu, asitangulize kichwa katika maji asiyoyaona chini, kwa sababu jiwe au gogo lililofichika huvunja shingo ya fundi kama ya mwanafunzi. Hakuingia peke yake. Hakukubali mtu aliyekunywa pombe akaribie maji. Alikwenda sambamba na ukingo. Panapo wenyeji aliwauliza, kwa maana mvuvi na mchota maji huyajua mashimo, mikondo na wanyama wa mto wao kuliko mgeni mwenye mbio nyingi. Na asipopata majibu, alirudi nyumbani akiwa mkavu.

Mambo hayo yote mwanafunzi anaweza kuyafanya leo. La mwisho ni gumu kuliko mengine, nalo halihusu kuogelea. Siku moja utasimama ukingoni pamoja na marika yako, na mmoja wao atanyosha mkono achukue shati lake. Usimcheke. Chukua na lako, umsindikize nyumbani.